Jinsi ya Kujifunza Sheria za Diplomacy: Kutoka Amri ya Kwanza hadi Vituo 18

Diplomacy ni mchezo wa vita unaochezwa juu ya ramani ya Ulaya ya mwaka 1901, na hauna dadu wala karata za bahati. Mmarekani Allan B. Calhamer aliubuni katika miaka ya 1950, akauchapisha kwa fedha zake mwenyewe mwaka 1959, nakala 500. Wachezaji ni saba na kila mmoja ana dola yake: Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Italia, Austria-Hungaria, Urusi na Uturuki. Ramani ina vituo 34, yaani maeneo yanayohesabiwa kuamua kila dola iwe na vikosi vingapi, na anayevifikisha 18 ameshinda.

Wengi wanaoukimbia hudhani una sheria nyingi. La hasha, amri za vikosi ziko nne tu. Kinachowashinda ni kuamua matokeo. Aliyezoea drafti au bao amezoea zamu, wewe ucheze kisha mimi nicheze. Hapa watu saba huandika amri kwa siri, zinafunuliwa kwa pamoja, zinapingana, na lazima mtu aseme nani amesogea, nani amekwama na nani amefurushwa. Ukiimudu hesabu hiyo umeumudu mchezo. Ndiyo maana mwongozo huu utakaa huko zaidi kuliko kwingine.

Usianze kwa kusoma kitabu cha sheria mwanzo hadi mwisho. Chapisha ramani, ikae mezani. Vikosi visikusumbue: vifuniko vya soda vinatosha, kilicholala kifudifudi kiwe jeshi, kilichotazama juu kiwe manowari. Kisha fuata hatua hizi ukivisogeza kwa mkono.

Hatua ya kwanza: isome ramani

Ramani ina maeneo 75 ya kuchezea, 19 kati yake yakiwa bahari. Uswisi imo lakini haiingiliki. Sheria iliyo juu ya zote ni hii: eneo moja, kikosi kimoja. Hata vikosi viwili vya dola moja haviwezi kukaa pamoja.

Vikosi ni vya aina mbili. Jeshi hutembea nchi kavu tu. Manowari hutembea baharini na kwenye maeneo yenye pwani, haingii bara. Vyote vina nguvu sawa, yaani moja kila kimoja, na kila kimoja husogea hatua moja tu kwa zamu. Manowari inayofuata pwani lazima pwani yenyewe iwe imeungana. Roma na Venice zinapakana kwa nchi kavu, hivyo jeshi hupita. Lakini pwani zao ziko pande mbili tofauti za Italia, kwa hiyo manowari iliyoko Roma haiwezi kwenda Venice moja kwa moja.

Maeneo matatu yana pwani mbili zisizokutana: Hispania, Bulgaria na St Petersburg. Manowari ikiingia hapo, andika iko pwani ipi. Urusi huanza na manowari kwenye pwani ya kusini ya St Petersburg, na kutoka hapo haiwezi kwenda Norwei, ingawa jeshi lililosimama mji uleule lingeweza. Kiel na Constantinople ni kinyume chake: zina njia ya maji inayopita katikati, hivyo manowari huingia upande mmoja na kutokea mwingine, ila kwa zamu mbili.

Sasa panga vikosi vya kuanzia. Uingereza ina manowari London na Edinburgh, na jeshi Liverpool. Ufaransa ina majeshi Paris na Marseilles, manowari Brest. Ujerumani, majeshi Berlin na Munich, manowari Kiel. Italia, majeshi Roma na Venice, manowari Naples. Austria, majeshi Vienna na Budapest, manowari Trieste. Uturuki, majeshi Constantinople na Smyrna, manowari Ankara. Urusi peke yake ina vikosi vinne: majeshi Moscow na Warsaw, manowari Sevastopol na St Petersburg. Kila kimoja kimesimama juu ya kituo cha nyumbani, na jumla yake ni 22. Vituo 12 vilivyobaki havina mwenyewe: Norwei, Uswidi, Denmark, Uholanzi, Ubelgiji, Hispania, Ureno, Tunis, Serbia, Ugiriki, Bulgaria na Romania. Vita vya mwaka wa kwanza karibu vyote ni vya kugombania hivi 12.

Hatua ya pili: jifunze kuandika amri

Kila mwaka una zamu mbili, ya machipuko na ya vuli. Kabla ya kila zamu kuna muda wa mazungumzo, kwa desturi nusu saa kabla ya zamu ya kwanza na dakika 15 kwa zinazofuata. Mnaweza kuteta pembeni, kuahidiana, kudanganyana. Hakuna ahadi inayomfunga mtu kisheria. Kinachohesabika ni kilichoandikwa kwenye karatasi.

Mimi huandika J kwa jeshi na M kwa manowari, kisha mahali kikosi kilipo, kisha amri:

J Munich kaa.
J Paris – Burgundy.
J Marseilles saidia J Paris – Burgundy.
M Bahari ya Kaskazini vusha J Yorkshire – Norwei.

Hizo ndizo nne: kaa, nenda, saidia, vusha. Kikosi kisichoandikiwa amri, au kilichoandikiwa isiyowezekana au isiyoeleweka, hubaki kimekaa. Zoea kuandika kwa ukamilifu tangu siku ya kwanza, maana amri yenye maana mbili huzua ugomvi mezani.

Hatua ya tatu: mgongano wa sawa kwa sawa

Weka jeshi la Ujerumani Berlin na la Urusi Warsaw. Wote wawili waamrishwe kwenda Silesia. Nguvu ni moja kwa moja, hakuna anayeingia, kila mmoja anabaki alipokuwa na Silesia inabaki tupu. Huo ndio mgongano.

Ongeza kitu kimoja: J Munich – Berlin. Ujerumani ilitarajia Berlin ipungukiwe na mtu. Lakini jeshi la Berlin limekwama, limerudi mahali pake, basi la Munich nalo halina pa kuingia. Kukwama kwa mmoja huwakwamisha wa nyuma yake wote, hata mlolongo uwe mrefu kiasi gani.

Vikosi viwili vinavyojaribu kubadilishana nafasi hukwama vyote. Vikiwa vitatu au zaidi na kila kimoja kinamfuata mwenzake kwa mzunguko, vyote husogea bila shida.

Hatua ya nne: msaada, na jinsi unavyokatwa

Hapa ndipo pa kukaa. Kikosi kinaweza kuacha kusogea ili kimuongezee mwingine nguvu ya moja. Kinaweza kumsaidia anayekaa au anayekwenda, wa dola yake au wa dola nyingine, na hakihitaji ruhusa ya anayesaidiwa. Sharti ni kwamba kikosi chenyewe kingeweza kwenda kwenye eneo kinakotoa msaada. Manowari iliyoko Ghuba ya Lyon haiwezi kusaidia shambulio la Burgundy, kwa kuwa Burgundy haina pwani.

Msaada lazima ulingane na amri ya mwenzake neno kwa neno. Ukiandika kwamba unasaidia Paris kwenda Burgundy, na Paris ikaandikiwa kwenda Picardy, msaada wako umeyeyuka na wewe umekaa tu.

Sasa chukua vifuniko na upange hivi. Ufaransa: J Paris, J Marseilles. Ujerumani: J Burgundy.

Jaribio la kwanza. Ufaransa: J Paris – Burgundy, J Marseilles saidia J Paris – Burgundy. Ujerumani: J Burgundy kaa. Nguvu mbili kwa moja. Paris inaingia Burgundy, Mjerumani amefurushwa.

Jaribio la pili. Amri za Ufaransa ni zilezile. Ujerumani safari hii inaandika J Burgundy – Marseilles. Mgeni wa mchezo hudhani msaada wa Marseilles umekatwa kwa kuwa Marseilles imeshambuliwa. Haujakatwa. Msaada hukatwa na shambulio kutoka eneo lolote isipokuwa lile ambalo msaada wenyewe unalielekea. Shambulio limetoka Burgundy, na msaada unaelekea Burgundy. Basi nguvu bado ni mbili na Mjerumani anafurushwa vilevile.

Jaribio la tatu. Ongeza jeshi la Italia Piedmont, na Italia iandike J Piedmont – Marseilles. Sasa shambulio limetoka kwingine. Mwitaliano haingii Marseilles, kwa sababu nguvu yake ni moja dhidi ya moja, lakini msaada umekatika. Paris imebaki na nguvu moja na Burgundy haing'oki. Shambulio halihitaji kufaulu ili likate msaada. Likifika tu limekata. Hii ndiyo silaha ya mnyonge katika mchezo huu, na mchezaji mzuri hutafuta kila zamu kikosi cha adui kinachoweza kusumbuliwa kwa kuguswa tu.

Jaribio la nne. Italia iandike J Piedmont saidia J Burgundy – Marseilles, na Ujerumani J Burgundy – Marseilles. Sasa shambulio la Burgundy lina nguvu mbili na Marseilles inafurushwa. Aliyefurushwa msaada wake hukatika, hata kama aliyemfurusha ametoka eneo lile lile lililokuwa likishambuliwa. Mjerumani anaingia Marseilles. Na Paris? Inaingia Burgundy kwa nguvu yake moja, kwa sababu mwenyeji ameshaondoka.

Rudia majaribio haya manne hadi uweze kumweleza mwenzako bila kutazama karatasi. Kwa maoni yangu ndiyo nusu ya sheria zote.

Kuna mawili ya kuongeza. Huwezi kufurusha kikosi chako mwenyewe wala kusaidia mwingine akifurushe, na shambulio lako haliwezi kukata msaada wako mwenyewe. Pili, kikosi kilichoamrishwa kwenda hakiwezi kusaidiwa kukaa. Kikikwama, hujilinda kwa nguvu moja tu.

Hatua ya tano: kuvusha majeshi

Manowari iliyoko baharini inaweza kulichukua jeshi kutoka pwani moja hadi nyingine kwa zamu moja. Jeshi huandikiwa kwenda, manowari huandikiwa kuvusha, na amri zote mbili lazima zitaje safari ileile. Manowari zikishikana bahari kwa bahari, safari hurefuka: zikiwa tatu, moja kwenye Mlango wa Uingereza, moja Atlantiki ya Kati na moja Mediterania ya Magharibi, jeshi la London hufika Tunis kwa zamu moja. Manowari iliyoegesha kwenye eneo la pwani haivushi.

Kuvusha hakukatwi kama msaada. Manowari ikishambuliwa bila kufurushwa, jeshi linapita. Uingereza ikivusha J Yorkshire – Norwei kupitia Bahari ya Kaskazini, manowari moja ya Mjerumani kutoka Denmark haitoshi kuizuia. Lazima apate ya pili Uholanzi ya kumsaidia, aifurushe ile iliyoko baharini. Hapo jeshi hubaki Yorkshire, na huko Norwei ni kana kwamba halikuandikiwa chochote.

Hatua ya sita: waliofurushwa

Aliyefurushwa hurudi nyuma kwenye eneo jirani ambalo liko tupu, si lile alikotoka aliyemfurusha, na si lile lililobaki tupu kwa sababu ya mgongano wa zamu hiyohiyo. Akikosa pa kwenda, kikosi huondolewa. Wawili wakichagua eneo moja, wote huondolewa. Kurudi nyuma huandikwa bila mazungumzo, na jambo hili lisimamieni kwa ukali.

Hatua ya saba: vituo na vikosi vipya

Kituo hupata mwenyewe mpya mwishoni mwa zamu ya vuli tu. Ukiingia Serbia machipuko ukatoka vuli, hujapata kitu. Na ukishakimiliki kituo, unaweza kukiacha. Kitabaki chako hadi mtu mwingine awe juu yake vuli inapoisha.

Kisha kila mmoja huhesabu vituo na vikosi. Vituo vikizidi, anaongeza vikosi. Vikipungua, anaondoa. Vikosi vipya huwekwa kwenye vituo vya nyumbani tu, vilivyo bado mikononi mwake na vitupu.

Tuifuate Austria mwaka mzima. Machipuko 1901: J Budapest – Serbia, M Trieste – Albania, J Vienna – Galicia, na tuseme zote zimepita. Vuli: M Albania – Ugiriki, J Serbia saidia M Albania – Ugiriki, J Galicia kaa. Mturuki aliyeko Bulgaria akiishambulia Serbia, amekata msaada. Hata hivyo manowari itaingia Ugiriki kama hakuna mwingine anayeitaka. Lakini Italia ikiwa na manowari Bahari ya Ionia na ikaandika kwenda Ugiriki zamu hiyohiyo, wanagongana moja kwa moja na hakuna anayeipata. Utaona kwamba Mturuki na Mwitaliano wakipatana wanaweza kumnyima Austria Ugiriki bila hata mmoja wao kuingia.

Tuseme Ugiriki imepatikana, ila Mwitaliano ametoka Venice akaingia Trieste iliyoachwa tupu. Hesabu ya Austria: Vienna, Budapest, Serbia, Ugiriki, vituo vinne dhidi ya vikosi vitatu. Anaongeza kimoja, Vienna au Budapest. Na hiyo miji haina pwani, kwa hiyo lazima kiwe jeshi. Trieste ndiyo bandari yake pekee ya nyumbani. Ikipotea, hawezi kuunda manowari nyingine hadi airudishe. Mambo kama haya hayaonekani kwenye orodha ya sheria, yanaonekana ukihesabu.

Mfano mwingine ninaoupenda uko kaskazini. Machipuko, manowari ya Urusi inatoka St Petersburg hadi Ghuba ya Bothnia, na ya Ujerumani inatoka Kiel hadi Denmark. Vuli, wote wawili wanaandika kwenda Uswidi. Wanagongana. Mrusi amekosa kituo. Mjerumani naye amekosa Uswidi, lakini amebaki Denmark, na Denmark imekuwa yake. Amemzuia jirani bila kupoteza chochote. Ndiyo maana balozi wa Urusi hana budi kuanza kuzungumza na Ujerumani mapema sana.

Hatua ya nane: mpangilio wa kuamua

Amri za watu saba zikishafunuliwa, usiruke huku na huku. Kwanza futa amri zisizowezekana na misaada isiyolingana. Pili, pitia misaada iliyobaki mmoja mmoja na uulize: huyu ameshambuliwa, na kutoka wapi? Weka alama kwenye iliyokatika. Tatu, andika nguvu ya kila anayekwenda na kila anayekaa. Nne, anza na pembe za ramani ambazo hazimtegemei mtu, kisha ingia kwenye msongamano. Anayekwenda huhitaji kuwazidi wote wanaotaka eneo hilo na aliyeko ndani, kulingana hakutoshi. Waliofurushwa waachwe kando hadi mwisho.

Jipime kwa hili. Austria: J Serbia kaa. Uturuki: J Bulgaria – Serbia; J Ugiriki saidia J Bulgaria – Serbia. Italia: J Trieste – Serbia, J Albania saidia J Trieste – Serbia. Nani yuko Serbia zamu ikiisha?

Ni Austria. Mturuki ana mbili, Mwitaliano ana mbili, wanazuiana wenyewe kwa wenyewe, na mwenye moja aliyekaa katikati hasogezwi. Sasa mpe Mwitaliano manowari Bahari ya Ionia, iandikiwe kwenda Ugiriki. Msaada wa Mturuki umekatika, Bulgaria imebaki na moja, Trieste ina mbili na inaingia. Jeshi la Austria linafurushwa. Haliwezi kurudi Trieste, maana mshambuliaji katoka huko; Bulgaria, Ugiriki na Albania zina watu. Limebakiwa na Budapest au Romania, kama ziko tupu.

Mchezo wenu wa kwanza

Mwisho huja mtu anapofikisha vituo 18 baada ya vuli, au waliobaki wakikubaliana kwa kauli moja kugawana sare. Mchezo kamili wa mezani unaweza kula siku nzima, kwa hiyo mara ya kwanza wekeni kikomo, mathalani mwisho wa 1905, na mwenye vituo vingi awe mshindi. Awepo mtu wa nane asiyecheza, asome amri kwa sauti na kuamua. Kama hayupo, aliyefanya majaribio ya Burgundy vizuri zaidi apewe kazi hiyo.

Mkiwa sita, Italia haichezwi. Mkiwa watano, Italia na Ujerumani hazichezwi. Vikosi vyao hukaa tu, vikijilinda bila kusaidiana. Kwa wageni kabisa nashauri msubiri mfike saba, kwa sababu pengo la dola mbili katikati ya ramani hubadilisha mapatano ya kila mtu. Mkiwa mbalimbali, mmoja Mombasa, mwingine Dodoma, mwingine Muscat, tovuti kama Backstabbr na webDiplomacy huamua matokeo zenyewe, na mnaweza kupanga zamu moja kwa siku huku mkizungumza kwa WhatsApp. Backstabbr pia ina ramani ya kujaribia peke yako: weka vikosi popote, andika amri za dola zote, bonyeza, ulinganishe jibu lake na lako. Ingiza kwanza yale majaribio manne ya Burgundy, halafu lile la Serbia.